Umri wa Ukame

Mto wetu wa Manchira ni mdogo. Mgeni aupitaye wakati wa kiangazi kikali aweza kudhani ni korongo la mchanga tu. Lakini bwawa lililojengwa juu yake ndilo linaloupa mji wa Mugumu maji ya kunywa. Basi kujua mto huu waweza kupunguka kwa muda gani ni jambo kubwa kwetu.

Katika ukame wa mwaka 2005 na 2006 nalikuwa mwalimu mpya. Niliwaona akina mama wakichimba mchanga wa mto hata mkono ukazama begani, kisha wakangoja maji yajikusanye, wakayateka kwa kata, kidogo kidogo, na ng'ombe wamesimama nyuma yao wakilia. Nikamwuliza mzee mmoja, "Baba, umepata kuona ukame kama huu?" Akanijibu, "Mwalimu, nimeiona mito yote hii ikikatika. Lakini haipiti miaka miwili au mitatu, mvua huirudisha." Naye alitaja ukame mmoja mmoja kwa rika lililotahiriwa mwaka ule, kama ilivyo desturi ya Wakuria, wala hakubabaika.

Mzee yule alisema kweli ya macho yake. Tena vitabu vya vipimo havimshindi kwa umri: Mto Mara, ulio mkubwa kuliko yote katika sehemu zetu hizi, ulianza kupimwa hapo Mara Mines yapata mwaka 1970 tu.

Liko, hata hivyo, shahidi mzee zaidi, nalo ni tope. Kila mwaka tope jembamba hutua chini ya ziwa, tabaka juu ya tabaka, pamoja na mabaki ya vijimea na vijidudu vya majini. Maji yakipunguka, chumvi huzidi, na viumbe wapendao chumvi hushika mahali pa wale wa kwanza. Wataalamu walitoboa tope la ziwa Naivasha, huko Kenya, wakalisoma kama kitabu, na mwaka 2000 wakatangaza waliyoyaona. Tangu yapata mwaka 1000 hata 1270 nchi ile ilikuwa kavu kuliko sasa. Kisha mvua zikaongezeka, ila zilikatizwa mara tatu: 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840.

Hebu toeni wenyewe hesabu ya ule wa mwisho. Ni miaka 80! Mtoto aliyezaliwa ulipoanza aliweza kuzeeka na kufa asione maji ya ziwa yakirudi mahali pake pa zamani.

Naivasha si Manchira, na si halali kuichukua miaka ile na kuibandika juu ya mto wetu, maana mvua haigawanywi sawasawa. Lakini pepo ziletazo mvua huku Afrika Mashariki hutegemea sana Bahari ya Hindi. Bahari ipatapo joto upande wetu wa magharibi, mvua za vuli huzidi, ipoapo, hupungua. Mwaka 1961 mvua zilizidi hata ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 kabla ya kutulia mwaka 1964. Mwaka 2006 lilishuka sana, ingawa kosa halikuwa la mbingu peke yake: huko Jinja maji mengi mno yalifunguliwa kuendesha mitambo ya umeme. Na mwaka 2020 likapanda tena hata kuingia majumbani mwa watu.

Zamani mto ulipokatika, watu walihama na mifugo yao kutafuta maji. Siku hizi upande mmoja ni Hifadhi ya Serengeti, iliyowekwa mwaka 1951, na pande nyingine ni mashamba ya wenzetu. Hatuna pa kuhamia. Tuna bwawa, nalo hupoteza kina kila mvua iletapo udongo wa mashamba yaliyolimwa hata ukingoni.

Wanafunzi wangu wamesimamisha nguzo yenye alama za sentimeta katika kijito kilicho karibu na shule, na kila Jumatatu huandika kimo cha maji katika daftari. Mmoja aliniuliza kama majuma ambayo hakuna maji yaweza kurukwa. Nikamwambia aandike sifuri, na tarehe yake.