Chensoo ya Baba Mdogo

Huku Bukene mashine iliyokufa huuzwa kwa kilo. Mnunuzi wa vyuma chakavu anapita na baiskeli yake na mizani ya kuning'iniza, anauliza bei, anacheka, kisha anataja yake. Mashine inayowaka ni habari nyingine. Hiyo inawashwa mbele ya mteja, na pesa yake inaweza kummalizia ada binti aliyebakiza mwaka mmoja chuoni. Hesabu hiyo ndiyo iliyonikalisha juu ya gunia, likizo ya Desemba, chensoo ya baba mdogo ikiwa katikati ya miguu yangu. (Msumeno wa mnyororo, ukitaka Kiswahili cha kamusi. Sijawahi kumsikia mpasua mbao akisema hivyo.)

Baba mdogo amepasua mbao tangu mimi sijazaliwa. Kisha akapata kiharusi, mkono wa kulia ukagoma. Mashine akaikodisha kwa kijana mmoja, nayo ikarudi kimya: ukivuta kamba ya kuwashia, haitoki hata inchi. "Imezima tu yenyewe, mzee," ndiyo maelezo tuliyopewa. Binti wa chuoni ni wake, mdogo wangu. Fundi wa kuja nyumbani alitaka nusu ya pesa kabla hajashika spana. Mimi nilikuwa na vidole kumi vinavyofanya kazi na sikuwa nimewahi kufungua hata pampu ya baiskeli.

Mashine yenyewe ni Stihl 070, modeli ya Kijerumani iliyoanza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Silinda ina kipenyo cha milimita 58, na uzito unazidi kilo 10 kabla hujafunga mnyororo na baa, ule ulimi mrefu wa chuma unaobeba mnyororo. Mababu zetu wapagazi walibeba frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, kutoka hapa Unyamwezi mpaka pwani. Baba mdogo, aliyezunguka na hii begani misitu yote ya Sikonge na Urambo, hupenda kujiita mpagazi wa mwisho, ila yeye hakulipwa kwa shanga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Anza na plagi. Usiguse kingine."

Alikaa kwenye kiti chini ya mwembe akawa anaamuru. Nikamimina oili kidogo kwenye tundu la plagi, tukaiacha ilale nayo. Asubuhi nikatoa baa na mnyororo, nikatandaza kanga kuukuu, kila kilichotoka nikakilaza kwa foleni ya kutoka kwake, skrubu zake pembeni. Klachi ilinitoa jasho mpaka akaniambia nizungushe kinyume. Katika misumeno mingi hufungwa kwa nyuzi za kushoto, isije ikajifungua yenyewe kazini. Nikatoa eksozi. Kupitia tundu lake ukaiona pistoni: ubavu wote wa upande huo ulikuwa na michirizi, kama umekwaruzwa na uma.

Nilipomaliza kuitoa silinda, baba mdogo aliomba pistoni. Akafumba macho, akapitisha dole gumba la kushoto juu ya michirizi ile, taratibu.

"Hakuweka oili," akasema. Basi. Hakumtukana mtu.

Injini ya aina hii haina hodhi la oili kama gari. Oili inakunywa pamoja na petroli: kwa oili ya kawaida ya tustroku, sehemu moja kwa 25, yaani mililita 200 kwenye dumu la lita tano. Ukiinywesha petroli tupu itakata vizuri tu, tena kwa kelele tamu, mpaka joto liiyeyushe ngozi ya pistoni na kuigandisha kwenye silinda. Chanzo cha ukimya wote ule ni kikombe kimoja cha oili.

Siku mbili zilikwenda kwenye silinda peke yake. Ukuta wake ni mgumu kuliko pistoni, kwa hiyo kilichoganda pale ni alumini ya pistoni, na kinatoka kwa msasa laini uliolowa, ukisugua kidogo, ukipapasa, ukisugua tena. Pistoni mpya na ringi zilikuja kwa basi kutoka Kahama zikiwa zimefungwa kwenye gazeti. Gasketi nilikata kwenye kasha la karatasi. Ndani ya kabureta kuna kipande chembamba kinachopumua ili kuvuta petroli. Madukani wanakiita dayaframu, baba mdogo anakiita kiwambo, neno lile lile la ngozi ya ngoma. Cha kwetu kilikuwa kimekakamaa kama ngozi ya ngoma kweli. Tukabadilisha.

Kuna kijipini kidogo kwenye mfereji wa ringi, na ncha mbili za ringi lazima zikutane hapo. Zikikaa kwingine zitanasa kwenye dirisha la silinda na kukatika. Mshale juu ya pistoni uelekee eksozi. Haya yote aliyajua kichwani, huku mkono wake umelala mapajani.

Jioni hiyo baba alirudi. Baba ni mrina asali, mizinga yake ya magogo ameitundika Sikonge. Akaitazama kanga.

"Mnaifufua ikamalize nini?"

"Kaka, nimekata kwa kibali siku zote. Magogo yangu yamegongwa nyundo ya serikali."

"Wewe, ndiyo. Atakayenunua je?"

"Na mizinga yako ilichongwa kwa nini, kwa meno?"

"Kwa shoka," baba akasema. "Shoka linachoka."

Sikuwa na la kusema, na mpaka leo sina. Mninga haukui kwa haraka ya ada. Nyuki wanataka maua ya miyombo. Lakini mabani ya tumbaku nayo yanakula kuni kila msimu, na hakuna anayeyauliza kwa ukali aliotumia baba kumuuliza mdogo wake mgonjwa. Nikaendelea kufunga.

Ilikohoa mara ya nne, ikazima. Mara ya saba ikashika, moshi wa buluu ukajaa uani, kuku wakakimbia. Baba mdogo alinyoosha mkono wa kushoto akaomba niisogeze. Akauweka kiganja juu ya kishikio, mashine ikitetemeka, akakaa hivyo mpaka nikaogopa petroli itakwisha.

Mteja alikuja Jumamosi. Akaiwasha mwenyewe, akasikiliza, akahesabu noti. Nikamuuliza kama ana kibali.

"Cha mashine au cha mti, dada?" Akacheka, akaifunga nyuma ya bodaboda.

Baba alikuwa mlangoni muda wote.

"Kasema anakwenda kukata wapi?"

"Kaliua."

"Mizinga yangu iko Sikonge," akasema, akaingia ndani kutafuta tupa ya kunolea shoka.