Ua la Majini

Upare hatuna yale majira ya Ulaya ya theluji kuyeyuka na miti kuchipua. Tuna vuli. Kiangazi kikishakausha nyasi hadi zinalia chini ya nyayo, mvua ya Oktoba au Novemba inagonga mabati usiku, na baada ya siku chache njia ya kutoka nyumbani kwa bibi, Vudee, kwenda kwenye chemchemi inajaa vitu ambavyo juzi havikuwapo.

Bibi yangu mzaa mama hashuki tena mtoni. Magoti yamekataa. Kwa hiyo nikipanda kutoka Same mjini wakati wa vuli, salamu na chai vikiisha, ananituma. Hanitumi maji wala kuni. Nikirudi ananiuliza, "Umeona nini njiani?" Anataka nimtajie maua, na mahali lilipo kila moja.

La kwanza ni kongwe, pembeni mwa mahindi. Lina petali za buluu, laini kama karatasi ya sigara. Hufunguka asubuhi, na jua likipanda linajikunja. Wakulima hawalipendi, maana ukiling'oa na kulitupa kwenye udongo mbichi linashika mizizi upya. Sungura hulifurahia.

Migomba ikiisha na kivuli cha miti kuanza, natafuta mpira mwekundu. Shina moja nene hutoka ardhini, na juu yake husimama maua membamba mengi yaliyokusanyika yakawa duara, kubwa kuliko ngumi ya mtu mzima. Hapo chini palikuwa na kitunguu kilicholala kiangazi chote. Ua hilo halingoji mtu: ukichelewa wiki mbili, unakuta majani tu.

Lakini ninalotumwa hasa ni lile ambalo bibi huliita ua la majini. Linaota kwenye mawe yenye utelezi, katikati ya kangaga, pale mkondo unapotokeza. Ni la waridi, na nyuma yake lina mrija mwembamba uliopinda. Shina lake limejaa maji; ukilichuma, linanyauka kabla hujafika nyumbani. Maganda yake ya mbegu yakikomaa, ukiyagusa tu yanapasuka na kurusha mbegu. Ndiyo maana wanasayansi waliipa jamii yake jina la Kilatini lenye maana ya asiye na subira: Impatiens. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya, kupita kwetu Upare, hadi Udzungwa, ina aina nyingi za jamii hii, nyingine hazioti popote pengine duniani. Ndugu yao mmoja wa Afrika Mashariki, Impatiens walleriana, huuzwa kwenye vyungu huko Ulaya na Marekani.

Bibi hana habari na vyungu. Anachojua ni kwamba ua hili halivumilii ukavu. Linapoota, maji yako karibu, hata kama macho hayayaoni.

Vuli iliyopita nilimwambia ukweli. Kwenye jiwe kubwa la chini, mahali ambapo mwaka uliotangulia nilihesabu mashina zaidi ya thelathini, nilikuta manne. Kangaga ilikuwa imefyekwa, na matuta ya maharage yalifika karibu kabisa na mkondo. Matuta yalikuwa ya mjomba, naye alikuwa amekaa nasi, kikombe mkononi.

"Mama, ada ya shule hailipwi kwa maua," alisema.

Hakusema uongo. Shamba lake la juu ni mawe, na la bondeni ndilo linalozaa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, lakini mita 60 pale zinameza karibu bonde lote alilorithi.

Bibi hakutaja sheria. Alimuuliza, "Watu wa Bangalala watajaza nini ndiva zao?"

Wasioijua ndiva: ni bwawa la asili yetu Wapare. Hukusanya maji ya mkondo usiku kucha, asubuhi hufunguliwa, yakaenda kwa zamu mashambani. Mto wetu unashuka kutoka Vudee kwenda Bangalala, ambako ni kukavu zaidi. Tunachokausha huku juu, kule chini kinakosekana asubuhi.

Mjomba alimaliza chai, akaondoka bila kuaga.

Niliposhuka siku ya tatu, nilikuta vigingi. Alikuwa ameng'oa matuta mawili yaliyo karibu zaidi na mkondo, akaacha ukanda wa hatua kumi. Hatua kumi si mita 60. Maharage yaliyong'olewa yalikuwa yamelazwa chini ya mgomba, bado mabichi, na juu ya jiwe yale mashina manne yalikuwa yamesimama. Moja lilikuwa na ganda la mbegu lililovimba. Sikuligusa.

Nilipanda kumweleza bibi. Aliuliza hatua kumi za nani, zangu au za mjomba.