Kila Mwajiri na ED Yake

Mpwa wangu Rehema,

Mama yako ameniambia malaria ilikulaza wiki nzima. Ameniambia pia kwamba cheti cha daktari, hiyo ED, ulikipeleka shuleni unakofundisha tu. Kule duka la dawa unakokaa kaunta jioni ulimwomba mwenzako akushikie zamu, basi. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Wengi wenye kazi mbili hudhani kazi ya asubuhi ndiyo ajira, ya jioni ni kibarua. Mwanangu, unapangiwa zamu na unalipwa kila mwezi. Hiyo ni ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Miezi hiyo inahesabiwa kwa kila mwajiri peke yake, tangu alipokuajiri. Siku ulizougua upande wa shule hazipunguzi za dukani. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu mwajiri asikulipe usipompelekea cheti. Shule ikikulipa 400,000 na duka 200,000, ukaugua mwezi mzima huku ED ikiishia shuleni, ile 200,000 umeitupa mwenyewe.

Tena fedha ni nafuu. Nilipokuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, nilimtetea kijana aliyefanya kazi kiwandani mchana na ulinzi usiku. Alilazwa kwa homa ya matumbo. Kiwandani walipata ED. Kampuni ya ulinzi haikupata hata neno. Siku tano za kazi zilipopita wakamwandika mtoro, na alipotoka wodini akakuta barua ya kikao cha nidhamu. Tulizunguka hospitali tukitafuta faili, muhuri na sahihi ya daktari aliyekuwa ameshahama kituo.

Kwa hiyo ukiugua tena, mwombe daktari ED mbili, zote zenye muhuri, nawe ubaki na nakala. Siku hiyohiyo watumie ujumbe wa simu mwalimu mkuu na mwenye duka. Ujumbe una tarehe, maneno ya mdomo hayana. Na ukiwa umepewa mapumziko, usionekane kaunta jioni. Ila sauti ikikauka, ukashindwa kufundisha lakini hesabu za duka ukaziweza, daktari aandike wazi ni kazi gani huiwezi. Cheti kinachosema "apumzike" tu kitakugombanisha na shule.

Najua dukani huna mkataba wa maandishi. Usivunjike moyo. Umeshapita miezi sita inayotakiwa ili upate likizo yenye malipo, na kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri akuandikie masharti ya kazi. Mkifikishana mbele ya sheria naye hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti hayo ni wake. Wewe usifute tu zile meseji za malipo ya kila mwezi.

Jumatatu, kabla ya zamu, mpelekee mwenye duka nakala ya ile ED ya malaria, hata kama imechelewa. Mwombe kwa adabu siku zile zihesabiwe likizo ya ugonjwa. Akigoma kukulipa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ya namna hiyo ndani ya siku 60, na nitapanda basi kutoka Tanga twende pamoja. Nijulishe atakavyojibu.

Mjomba wako,
Salimu