Mzoeshe mbwa wako barabara kabla ya Desemba

Kutoka Moshi mjini hadi Marangu ni takriban kilomita 40. Gari hupita tambarare mpaka Himo, hukata kushoto na kuanza kupanda. Joto linapungua, migomba inaongezeka na nyumba zinasogea karibu na lami. Mahali pengi kinachotenganisha kihamba na barabara ni mstari wa masale tu. Kwa Wachaga, masale ni alama ya mpaka na pia ya kuombana msamaha. Lakini hayamzuii mbwa.

Ndipo anapochomoka mtoto wa mbwa wa miezi mitano au sita, akaifukuza Noah iliyojaa abiria mpaka kwenye kona. Bodaboda anayefuata nyuma anayumba kumkwepa. Mbwa anarudi ulimi nje, na watoto wa nyumba hiyo wanacheka.

Tatizo ni kwamba mbwa huyo anaamini ameshinda. Noah ingeondoka hata asingeifukuza, lakini yeye hajui. Kila gari linalopita linampa ushindi mwingine, na kesho anaongeza mbio. Kwa hiyo kusubiri akue aache mwenyewe hakusaidii, hasa kwa mbwa mwenye damu ya kuchunga au kuwinda, ambaye kukimbiza kinachokimbia ni asili yake.

Anayehatarishwa si mbwa peke yake. Asubuhi watoto wa shule hutembea pembeni mwa barabara hizo hizo, na mbwa wa nyumbani huwasindikiza. Mbwa akiruka barabarani, mtoto naye huruka nyuma yake akimwita. Dereva anayeshuka mteremko anakuwa ameshamkwepa mbwa, wala hategemei kwamba kuna mtoto nyuma yake.

Halafu kuna Desemba. Familia zinapotoka Dar es Salaam na kwingineko kuja kula Krismasi nyumbani, barabara za Marangu, Rombo, Kibosho na Machame hujaa magari mchana na usiku. Mbwa aliyezoea kufukuza gari mojamoja atakutana na msururu. Mzazi, mafunzo yaanze miezi kadhaa kabla.

Hatua ya kwanza ni kumnyima nafasi ya kukimbiza. Ziba matundu ya uzio, funga geti, na akitoka awe na mkanda shingoni na kamba mkononi mwa mtu mzima. Usimfunge mnyororo kutwa nzima akitazama barabara. Hapo atabweka na kuvutana mpaka hamu iongezeke.

Hatua ya pili ni kumpa kazi. Mbwa wa aina hii ana nguvu nyingi, na asipopata pa kuzitumia atazipeleka barabarani. Mkimbize asubuhi ndani ya kihamba, mtupie kijiti akilete, au ficha dagaa chini ya majani makavu ya mgomba ayatafute kwa pua. Dakika 15 za kunusa humchosha vizuri.

Hatua ya tatu ni mafunzo yenyewe. Anzia uani, mbali na gari lolote. Ita jina lake, na akikutazama mpe dagaa papo hapo. Akishika, sogea naye mahali anapoliona gari kwa mbali huku bado ametulia. Gari likitokea, mwite, mpe dagaa. Rudia kila siku kwa dakika chache, ukisogea hatua chache tu. Akikaza mwili na kukataa dagaa, mmekaribia mno, rudini nyuma.

Usimpige anaporudi kutoka kufukuza gari. Ataelewa kwamba kurudi kwako kunaleta fimbo, na mara nyingine hatarudi. Mawe na kelele navyo humpa msisimko zaidi.

Mtoto naye afundishwe jambo moja: mbwa akitoroka, asimkimbilie. Asimame ndani ya ua, aite mtu mzima, au akimbie kuelekea nyumbani huku akimwita. Mbwa anayependa kukimbiza atamfuata.

Kuna jambo la afya pia. Mbwa anayefukuza pikipiki huweza kumuuma dereva au mpita njia. Mbwa apate chanjo ya kichaa cha mbwa anapofikisha miezi mitatu, kisha irudiwe kama mtaalamu wa mifugo atakavyoelekeza. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki.

Siku Noah itakapopita nje ya masale na mbwa akageuka kumtazama aliyeshika kamba badala ya kuruka, mpe dagaa wawili. Kamba endelea kuishika, maana Krismasi bado haijafika.