Tuliongeza Kabla ya Kuuliza



Juma hili tunaungama mbele yenu kosa lililozaliwa katika ofisi ya parokia, maana wengi wenu mlilionja kwa kusimama foleni.

Kwa miaka mingi orodha za ubatizo na ndoa zilitunzwa katika seva iliyonunuliwa mwaka 2006. Ilikuwa imechakaa, ikinguruma kama mashine ya kusaga. Basi tukaihamisha. Vijana wetu walichukua kila kilichokuwamo, wakakitia katika mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake yenyewe, bali huishi ndani ya kompyuta moja kubwa pamoja na wenzake, kama wapangaji katika nyumba yenye vyumba vingi. Wazo hilo si geni: kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wa namna hiyo, VM/370, mwaka 1972.

Tulitazamia wepesi, tukapata kinyume. Cheti cha ubatizo kilichokuwa kikitoka kwa dakika mbili kilichukua robo saa. Mama mmoja aliyehitaji cheti cha mwanawe kwa ajili ya shule alirudi nyumbani mikono mitupu siku mbili mfululizo. Nasi, badala ya kuuliza, tulimlaumu katibu wetu, tena mbele ya watu, kwamba hajui kuutumia mfumo mpya.

Kisha tukafanya kosa la pili. Tuliiongezea mashine ile prosesa, kutoka mbili hadi nane, yaani zote za kompyuta mwenyeji. Ikawa nzito zaidi! Sababu ni kwamba prosesa za mashine pepe si mali yake, ni zamu. Aombaye nane kwa pamoja husubiri zaidi kuliko aombaye mbili, kwa kuwa majirani nao wanadai zamu zao. Wala ukitazama ndani ya mashine yenyewe huoni kusubiri huko vizuri; yakupasa utazame kwa mwenyeji. Tuliporudisha prosesa mbili, ikapata nafuu. Tukaondoa pia programu ya zamani iliyokuwa ikiendelea kukitafuta kifaa cha diski kilichobaki katika seva ya kale, na tukaweka draiva zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe. Nafuu tena, lakini foleni ya asubuhi ilibaki pale pale.

Hatimaye tulimwuliza katibu. Akajibu kwa upole: "Baba Paroko, huwa nzito tangu ninapofungua ofisi hadi karibu saa tano. Baada ya hapo haina tabu." Akatuonyesha daftari lake. Alikuwa ameandika saa hizo kwa majuma matatu, akingoja aulizwe.

Tukaitazama ratiba. Nakala rudufu za mashine zote zilikusudiwa kufanyika saa saba usiku, watu wakiwa wamelala. Aliyepanga aliandika 7, nayo kompyuta, ihesabuyo saa 24 tangu usiku wa manane, ikaelewa saa moja asubuhi. Kila siku ofisi ilipofunguliwa, diski zile zile tulizozihitaji zilikuwa katikati ya kazi ya kunakiliwa. Tukafuta 7, tukaandika 1. Kesho yake cheti kilitoka kwa dakika mbili, na yule mama alikuwa wa kwanza kukipokea.

Jumapili iliyofuata tulimwomba katibu radhi mbele ya watu, kwa kuwa mbele ya watu ndipo tulipomlaumu.

Wapendwa, kuongeza ni rahisi kuliko kupima, na kulaumu ni rahisi kuliko kusikiliza. Kila tulichokiongeza kwa haraka kilituzidishia mzigo, na jibu lilikuwa limeandikwa kwa kalamu katika daftari la mtu tuliyemdharau. Nyumbani kwenu na kazini kwenu, je, yuko nani aliye na daftari kama hilo, naye hajaulizwa bado?