Mchicha wa Dirishani

Katikati ya Desemba hapa Helsinki jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi, na saa tisa na robo alasiri limeshazama. Mchana mzima haufiki saa sita. Mmea wa kwetu Muheza, uliozoea mchana na usiku kugawana karibu sawasawa mwaka mzima, haujui la kufanya na mwanga wa namna hii. Unarefuka, unapauka, unakiinamia kioo kama mtu anayesubiri mgeni.

Majira hayo ndiyo Mama aliyokuja kukaa nami, baada ya kumzika Baba. Ndugu zangu walisema asibaki peke yake, naye hakubisha. Mwanamke aliyeamka alfajiri maisha yake yote kwenda shamba, sasa anakaa kwenye kochi, kanga mbili mabegani, anatazama theluji. Ukimwuliza anataka nini: "Sina shida, mwanangu." Bora angelia.

Basi nikanunua ndoo tano za plastiki, nikazitoboa chini, nikajaza udongo na mboji. Nikasia mchicha, pilipili na nyanya ndogo. Juu nikaning'iniza taa ya kuoteshea mimea, iwake saa kumi na nne kwa siku, maana mchicha ukiona mchana mfupi hukimbilia kutoa maua, majani ukakosa.

Siku ya tatu Mama akauliza, "Na hiyo taa, inazimwa saa ngapi? Mimea nayo inalala, ati." Tangu hapo kuzima taa ikawa kazi yake. Akishaswali isha, anazima.

Januari nyanya zikachanua. Ua la nyanya lina dume na jike humohumo, ila lazima litikiswe ndipo chavua ianguke. Kwetu kazi hiyo wanafanya upepo na nyuki. Ndani ya ghorofa, madirisha yamefungwa, nani afanye? Mama. Kila asubuhi alipita ndoo hadi ndoo, anagonga vikonyo kwa kidole huku akisema nazo. Siku moja nikiwa jikoni nikamsikia anataja jina la Baba, mara ya kwanza tangu mazishi. Alikuwa anaisimulia nyanya jinsi marehemu alivyokuwa mvivu wa palizi. Akacheka. Nikaacha maji ya chai yachemke hadi yakaribie kukauka, nisimkatize.

Kukuza mimea ya joto ndani ya nyumba si jambo jipya Ulaya. Miaka ya 1680, kule Versailles, mfalme wa Ufaransa aliijengea michungwa yake jumba la kulala majira ya baridi, kila mti ndani ya kasha lake. Lakini hata mfalme, joto likirudi, aliitoa nje.

Mwishoni mwa Februari tulivuna mchicha wa mkupuo wa pili, nikaupika kwa tui la kopo. Mama akaonja, akatafuna taratibu.

"Mchicha ni mchicha," akasema. "Ila huu haujanyeshewa."

Kisha akauliza tiketi ya Machi ni shilingi ngapi, kwa sababu masika hayamsubiri mtu na shamba halijalimwa. Mimi nilitaka ndoo zile zimshike abaki. Kumbe zilikuwa zinamwamsha.

Tiketi nimemkatia. Nyanya nimeachiwa mimi, pamoja na maagizo ya kusema nazo.