Meli Iliyopita Nchi Kavu



Juma lililopita tulialikwa Kitengela na jamaa zetu waliohamia huko kutoka Mombasa. Tulishuka garimoshi katika kituo cha Athi River, na kutoka hapo mwendo ni mfupi. Kitengela ya leo ni maghorofa na vumbi la saruji. Lakini ukizunguka nyuma ya majumba utaiona mbuga ingalipo, kavu na pana, ikinyooka kusini hadi Kajiado.

Mwaliko ulikuwa wa hitima ya mtu aliyetoweka miaka zaidi ya mia moja iliyopita. Mama mwenye nyumba, ambaye umri wake umevuka themanini, alitueleza kuwa babu yake mzaa baba alitoka Mombasa akiwa mpagazi, amebeba "vyuma vya meli", akamwacha mkewe na mimba. Hakurudi. Wala mke hakukaa eda, kwani hakuja mtu na habari. Na wanaoijua hukumu ya mke wa aliyetoweka katika madhehebu yetu wanajua uzito wa kungoja huko.

Vijana walitazamana: meli katika nchi kavu? Lakini bibi alisema kweli. Meli ya mvuke William Mackinnon iliundwa Scotland kwa ajili ya Kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani yetu, ikaletwa Mombasa vipande vipande ili iungwe kwenye Ziwa Viktoria. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na ziwani haikufika ila mwisho wa 1901. Meli ilikwisha shushwa majini mwaka 1900. Basi palipokuwa na reli, reli ilibeba; pasipokuwa nayo, yalibeba mabega ya watu, na mzigo wa mpagazi mmoja kwa desturi ulikaribia frasila mbili. Misafara ya pwani ilizikata mbuga hizi za Athi, ikanunua chakula Ngong, ambako leo ni kaunti ya Kajiado. Yumkini babu yule alipita karibu na mahali tulipoketi.

Meli hiyo haikuhifadhiwa. Ipo nyingine iliyohifadhika, nayo tulimsimulia bibi baada ya chai. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913 wakaiita Graf von Götzen, wakaifungua na kuitia katika masanduku yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam, kisha Kigoma kwa reli. Ilielea katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata, walipokimbia vita, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe. Ila kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Mtu hapaki grisi kitu asichotarajia kukirudia. Waingereza ndio walioiibua mwaka 1924, wakaiona mitambo yafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Injini ya mvuke iliondolewa miaka ya 1970 ikatiwa ya dizeli, nayo ikaendelea kuwachukua mama na watoto, samaki na nafaka, baina ya Kigoma na Mpulungu huko Zambia. Ilipochoka, Tanzania ilichagua kuikarabati.

Bibi alisikiliza, kisha akauliza, "Sheikh, na waliobeba, waliandikwa wapi?"

Hatukuwa na jibu.

Kesho yake tulifuatana naye hadi Kajiado kumzuru mgonjwa. Hapo hupita reli itokayo Konza kwenda Magadi, kuliko na ziwa la chumvichumvi ambalo magadi yake mama zetu huyatia jikoni kulainisha maharagwe. Tulisimama reliini. Akauliza ziwa la ile meli liko upande gani. Tukamwonesha magharibi. Akatazama kitambo, mtandio ukipeperuka, asiseme neno.

Tuliporudi Kitengela alitaka msahafu wa nyumba. Ndani ya jalada lake yameandikwa majina ya jamaa na siku walizozaliwa, na la juu kabisa lilikuwa la baba yake. Alimpa mjukuu kalamu, akamtajia jina la babu, akamwambia aliandike juu ya hilo. Pale pa tarehe ya kufa aliamuru paachwe wazi.

Kisha tukasoma Yasini.